Nimemuumbua mjomba kwa ajili ya Queen, sasa amesusa

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni kijana wa miaka 34, mzaliwa wa Unguja, kwa sasa nafanya kazi Dar es Salaam. Jambo langu pengine utaliona la kitoto, lakini nyumbani kwetu limeshakuwa kubwa na mama halali vizuri kwa ajili yake.

Mimi ni mpenzi wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza aliyoiimbia Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Mapenzi haya sikuyaokota njiani, nilipewa na mjomba, kaka yake mama. Mjomba aliondoka Unguja na babu mwaka 1964 akiwa na miaka sita, mama akabaki kwa bibi. Sasa anaishi Muscat. Nilipokuwa na miaka tisa alikuja kututembelea, akaniletea redio kaseti na kaseti mbili za Queen. Hizo ndizo zilizonifundisha kusikiliza muziki. Moja ninayo mpaka leo, ingawa utepe umekatika na haiimbi tena.

Tuna kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa Queen, watu kama arobaini: Unguja, Dar, Mombasa, Nairobi, Muscat, na wawili watatu wako London. Nililianzisha mimi, na mjomba nilimwingiza mwenyewe. Miaka mitatu tumekaa tukipiga soga, tukitumiana nyimbo, tukitaniana.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Nairobi alituma video ya Adam Lambert, yule Mmarekani anayeimba siku hizi na Brian May na Roger Taylor, wanamuziki wa Queen ya asili. Akaandika kwamba kwa noti za juu huyu bwana anamshinda Freddie wa jukwaani. Mjomba akawaka. Akasema bila Freddie hakuna Queen, hao waliobaki ni wazee wawili na mpangaji wao. Akasema sauti ya Freddie ilikuwa na upana wa oktava nne, kutoka noti ya chini mpaka ya juu, na wa kumfikia hajazaliwa. Mimi nilikuwa nimesoma habari za utafiti wa mwaka 2016, wa kina Christian Herbst wanaochunguza sauti za binadamu, nikauleta pale: oktava nne hazikuthibitika, na kwa sauti yake ya kuzungumza Freddie alikuwa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, wa kawaida. Mjomba akajibu kwamba hao wanamwonea wivu mtoto wa Unguja. Watu wakacheka.

Tukahamia kwenye maneno ya nyimbo. Mjomba anaamini lile neno "Bismillah" ndani ya Bohemian Rhapsody ni salamu ya Freddie kwa Unguja, na kwamba wimbo mzima ni kilio cha mtoto anayetaka kwao. Mwenzetu wa Mombasa akasema si salamu bali ni dhihaka, neno lile halikupaswa kuwekwa wimbo mmoja na jina la shetani. Wa tatu akasema limechaguliwa kwa mlio wake tu, kama Galileo na Figaro. Siku nne nzima! Katikati, yule wa Nairobi aliuliza mbona hatuzungumzii Queen kwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, mwaka 1984, enzi za ubaguzi wa rangi. Swali likapita, hakuna aliyelijibu.

Siku ya tano mjomba akaandika ujumbe mrefu kuhusu The Show Must Go On. Alisema mwaka aliofiwa na mkewe aliusikiliza kila usiku, na yale ni maneno ya Freddie ya kuaga dunia, asiyeyaelewa hana moyo. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, nimesimama kwenye daladala, foleni haisogei. Nikarekodi ujumbe wa sauti nikautuma bila kuusikiliza. Nilisema: "Mjomba, hayo maneno si ya Freddie, kayaandika Brian May. Na wewe Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, ungejuaje yanasema nini?"

Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Baada ya robo saa likatokea lile tangazo kwamba mjomba ametoka kwenye kundi.

Hii ni wiki ya tatu hapokei simu yangu. Ya mama anapokea, wanasalimiana, akinitaja mimi anabadilisha mazungumzo. Dada yangu anaolewa baada ya miezi miwili. Walii ni ami, hilo halina shida, lakini baba yetu alishatangulia mbele ya haki na mjomba ndiye mkubwa wa upande wa mama. Asipokuja, watu watauliza.

Shangazi, kosa langu liko wapi ikiwa niliyoyasema yote ni kweli? Nani mwenye haki katika ule ubishi? Na je, nimrudishe tu kwenye kundi, maana namba yake ninayo na mimi ndiye msimamizi? Mama anataka niombe radhi. Mimi niko tayari kuomba radhi kwa lugha niliyotumia, si kwa hoja.

Mpenda Kaseti, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nimecheka mara moja tu, pale pa "mpangaji". Mjomba wako ana ulimi, na naona umeurithi bila kurithi breki zake.

Nitaanza na muziki, kwa sababu umeniuliza nani mwenye haki na mimi nina kiu yangu na jambo hili. Santuri za hao watu ninazo, mbili zimepindika kwa jua la dirishani, lakini ninazo.

Unasema uliyoyasema yote ni kweli. Si yote. Ule utafiti ulioutupa mezani uliusoma kichwa cha habari ukaacha tumbo. Ni kweli kwamba walipopima sauti ya Freddie ya kuzungumza waliiona iko kwenye eneo la baritoni, na ni kweli kwamba oktava nne hawakuweza kuzithibitisha. Lakini walikwenda mbali zaidi. Walipopima ule mtetemo wake anapovuta noti, waliukuta unakwenda kasi ya kama mara saba kwa sekunde, kasi isiyo ya kawaida kwa waimbaji, tena hautulii mahali pamoja. Na ule mkwaruzo anaoupiga akikazana, waliuhusisha na mikunjo ya juu ya koo kutetemeka pamoja na nyuzi za sauti zenyewe, jambo ambalo mwimbaji wa kawaida halifanyi. Kwa hiyo, mwanangu, ulikuwa umeshika karatasi inayoeleza kwa nini sauti ile haifanani na ya mtu mwingine, ukaitumia kumwambia mjomba kwamba Freddie ni mtu wa kawaida. Neno "wa kawaida" uliliongeza wewe. Mjomba alikosea hesabu ya oktava. Sikio lake halikukosea.

Kijana wa Nairobi naye ana lake la haki. Freddie wa jukwaani mara nyingi alizikwepa noti za juu alizoziimba studio, akashuka, akatunga njia nyingine papo hapo. Alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti vilivyomsumbua miaka mingi, na ratiba zao za safari zilikuwa za kuua punda. Lambert anazipanda noti hizo kama anapanda ngazi za nyumbani kwake. Mimi binafsi ndipo hapo ananipotea. Nikimsikiliza Freddie wa jukwaani nasikia mtu anayeweza kushindwa, anakamatia, anacheka, anamtania mwenye gitaa. Nikimsikiliza Lambert nasikia kazi safi iliyokamilika. Lakini hayo ni masikio yangu, siwezi kuyafanya sheria kwa kundi la watu arobaini.

Na kwa kuwa mnapenda noti za juu: ile sauti nyembamba kuliko zote katika sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody, ile inayopaa mpaka mbwa wa jirani anaitika, si ya Freddie. Ni ya Roger Taylor, mpiga ngoma. Brian chini, Freddie katikati, Roger juu, wakaimba na kurudia na kurudia, sauti juu ya sauti kwenye utepe, kama wiki tatu kwa kipande hicho tu. John Deacon wa besi alikaa pembeni. Na jukwaani hawakuweza kukiimba kabisa. Walikuwa wanatoka, taa zinacheza, utepe unaimba wenyewe, halafu wanarudi mbio gitaa zinapoanza kuunguruma. Nasema haya kwa faida ya wale wanaolalamika kwamba Queen ya leo inategemea kanda na video za Freddie. Queen ya mwaka 1975 nayo ilitegemea utepe. Ila hili la Roger usimwambie mjomba kwa sasa, nakuomba. Litakuja siku yake.

Sasa huyo "mpangaji". Mimi nimekulia Dar es Salaam ya Msondo na Sikinde, bendi zetu za dansi, na ubishi wa kwamba bendi ni nani hauniogopeshi. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo na wenzake walitoka Msondo wakaenda kuanzisha Mlimani Park, hiyo Sikinde. Baadaye akaenda bendi ya Safari Sound. Mwisho akarudi Msondo alikoanzia. Mwimbaji Bitchuka naye alivuka huku na huku mpaka tukapoteza hesabu. Mitaani tulikuwa tunatukanana, watu wananuniana, lakini hakuna aliyesema Msondo imekufa kwa sababu mwimbaji kahama. Mwimbaji wa Msondo, TX Moshi William, alipofariki mwaka 2006 tulilia, halafu bendi ikaendelea kupiga. Kwetu sisi bendi ni nyumba, na waimbaji wote ni wapangaji.

Queen haikuwa nyumba ya namna hiyo. Walikuwa wanne walewale tangu Deacon alipoingia mwaka 1971 mpaka Freddie alipofariki mwaka 1991, na kila mmoja wao, hata yule Deacon mnyamavu, aliandika nyimbo zilizovuma dunia nzima. Bendi ya watu wanne waandishi wanne ukiondoa mmoja inayumba. Deacon mwenyewe alijiondoa mwaka 1997 na hajarudi. Kwa hiyo nikiambiwa nipige kura, kwa hili nitasimama nyuma ya mjomba, ila nitamwomba apunguze pilipili. Na tena wenyewe wamelimaliza jambo hili kwenye mabango yao: wanaandika Queen, alama ya kujumlisha, Adam Lambert. Kabla yake, kati ya 2004 na 2009, iliandikwa hivyo hivyo na jina la Paul Rodgers. Ile alama ya kujumlisha ni adabu. Inasema huyu ni mgeni wetu, hajachukua kitanda cha marehemu.

Kabla sijafika kwenye "Bismillah", nataka kusema neno kuhusu swali mlilolipita. Katika siku tano za ubishi, swali zito lilikuwa moja tu na ni la yule kijana wa Nairobi. Oktoba 1984 Queen walikwenda Sun City, Bophuthatswana, wakati Umoja wa Mataifa ulishawataka wasanii wasikanyage Afrika Kusini ya makaburu. Waliwekwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliokaidi, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Wao walijitetea kwamba walipiga mbele ya watu wa rangi zote. Mimi utetezi huo haujanishibisha mpaka leo. Miaka ile Tanzania ilikuwa imewapa hifadhi wapigania uhuru kule Mazimbu na Dakawa, nasi tukinunua kaseti za Queen kwa mkono uleule. Mtu akiwauliza hilo halafu mkarudi kupimana oktava, ana haki ya kuwaona mashabiki wa mdomo. Mjibuni.

Haya, "Bismillah". Hapa wote watatu wanabahatisha, kwa sababu Freddie alikataa katakata kueleza wimbo ule unahusu nini, na wenzake wamemhifadhia siri hiyo hadi leo. Ukoo wake ni wa Waparsi kutoka Gujarat, dini yao Uzoroasta, baba yake alikuwa keshia wa serikali ya Waingereza pale Unguja. Hakuwa Mwislamu. Lakini mtoto aliyezaliwa Unguja Septemba 1946, akakaa pale mpaka alipopelekwa skuli ya bweni India akiwa na miaka kama minane, akarudi kijana, neno lile hakulitafuta kwenye kamusi. Alilisikia kwa muuza kahawa, kwa mpagazi anayeinua gunia, kwa mama jirani anayeteleka chungu. Je, hiyo ni salamu kwa Unguja? Sijui, na mjomba hajui. Ni dhihaka? Ndugu wa Mombasa neno lile ni zito kwake na limemchoma, na hakuna hoja ya muziki itakayomwondolea mchomo huo, kwa hiyo muacheni. Ni mlio tu? Huenda. Maneno ya nyimbo mengi huchaguliwa na ulimi kabla ya akili.

Lakini nyinyi watu wa pwani mnanishangaza. Mmekwenda kwenye taarab tangu mkiwa mgongoni mwa mama zenu. Mmemwona mwanamke anainuka kwenye kiti, noti ameikunja kidoleni, anakwenda kumtunza mwimbaji kwa madaha huku macho yake yapo kwa mtu mwingine kabisa kule pembeni. Mliwahi kumwona akimwendea kwanza malenga kumuuliza, samahani, beti hili ulikusudia nini? Beti likitoka mdomoni mwa mwimbaji ni la mwenye kulihitaji. Mnalijua hilo kwa damu, halafu mkifika kwa Queen mnataka hati miliki.

Ndiyo maana lile la The Show Must Go On limeniuma kuliko mengine. Umesema kweli, tena kweli ya kwenye makaratasi: maneno karibu yote ni ya Brian May, ingawa jina lililoandikwa ni la bendi nzima, kwa kuwa tangu albamu ya mwaka 1989 walikubaliana kugawana majina baada ya miaka ya kugombania nani analipwa nini. Lakini aliandika kuhusu nini? Aliandika akimtazama rafiki yake anakwisha. Mwaka 1990, walipofika kurekodi, Freddie alikuwa hoi, na May ameeleza kwamba aliogopa mwenzake hataweza kuuimba. Akauimba. Wimbo ulitoka peke yake Oktoba 1991, na tarehe 24 Novemba Freddie akafariki, siku moja baada ya kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Sasa mwanamume aliyefiwa na mkewe, amekaa gizani Muscat, anasikia humo mtu anaaga. Amekosea nini? Amesikia kilichomo. Wewe mwenye Kiingereza kilichonyooka ndiye uliyesikia jina la mwandishi tu.

Na hicho Kiingereza. Hapo ndipo ulipomvunjia heshima, na siyo kwa sababu ni mjomba wako peke yake. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umeandika mstari mmoja, ukapita mbio: aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka sita. Freddie aliondoka mwaka huohuo. Alikuwa na miaka kumi na saba, jina lake bado Farrokh Bulsara, wakaenda na wazazi na dada yake mpaka Feltham, karibu na London, familia ikaanza upya. Mmoja akaangukia Uingereza, mwingine Uarabuni. Umeishi na mjomba huyu na kaseti zake miaka yote hii, hukuwahi kuuweka mwaka mmoja juu ya mwenzake? Mtoto wa miaka sita aliyeng'olewa kwao anakuja kusikia, ukubwani, katika wimbo wa kizungu uliojaa majina ya Kitaliano, neno moja ambalo bibi yake alikuwa akilisema kila akiinua kijiko. Unataka alisikieje?

Mimi sisemi tafsiri yake ni sahihi. Nasema hakuwa akibishana nanyi kuhusu muziki.

Sasa la kufanya. Usimrudishe kwenye kundi. Mtu aliyetoka mlangoni kwa miguu yake humburuti kumrudisha, hata kama ufunguo unao wewe. Na kundi lisiwe la kwanza kupata habari za msamaha wako, asije akasikia kwa wengine kwamba umejipamba mbele za watu.

Mpigie. Haipokei yako, basi tuma ujumbe wa maandishi mfupi, si wa sauti, maana sauti yako kwa sasa ina kumbukumbu mbaya kwake. Mwambie neno la Kiingereza lilikuwa utovu wa adabu, na kwamba umemkosea alipokuwa anawasimulieni msiba wake. Hilo la pili usiliache, ndilo kubwa. Usiweke "lakini". Umeniambia uko tayari kuomba radhi kwa lugha, si kwa hoja. Hoja ipi mwanangu? Hakuna aliyekuuliza mwandishi ni nani. Mtu alikuwa anamlilia mkewe.

Mama yako mwondoe katikati. Amekuwa mshenga wa ugomvi asioujua, katikati ya kaka na mwana, na ndiyo maana halali. Mwambie leo hii kwamba umeshika jambo hili mwenyewe.

Harusi usiitaje. Nakusisitizia hapa kwa sababu najua utashawishika. Ukiomba radhi na kualika kwa pumzi moja, atahisi anatafutwa kwa ajili ya kiti cha mbele na zawadi ya bibi harusi. Kadi ya mwaliko ataletewa na ami na mama, kwa taratibu zake, wiki nyingine.

Akishakujibu, hata kwa neno moja, hapo ndipo urudi kwenye kundi. Ulimuumbua mbele ya watu arobaini, na hao arobaini wanadai kusikia. Mistari miwili inatosha: nilimkosea mjomba hapa, nimemwomba radhi. Waliocheka watajijua. Kisha mpe mwingine usimamizi kwa muda, wewe upumzike. Foleni ya jioni na kitufe cha kurekodi sauti havipatani.

Na mkishazungumza vizuri, siyo siku hiyo, siku nyingine, muulize jambo ambalo naona hukuwahi kumuuliza: alimsikia Freddie kwa mara ya kwanza wapi, na nani alimwambia kwamba yule ni mtu wa Unguja. Halafu nyamaza usikilize. Akisema mwaka usio sahihi, muache nao.

Limebaki la kaseti. Kama ganda lake lina skrubu, lifungue taratibu juu ya kitambaa cheupe usipoteze vigurudumu. Kama limegandishwa kwa gundi, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Ncha mbili zilizokatika zikate kwa mshazari kwa wembe safi, zikutanishe bila kupandana, bandika kipande chembamba cha utepe maalumu wa kuungia kanda, si selotepu ya kawaida ambayo gundi yake huchuruzika, upande wa nyuma wa utepe, usio ule unaogusa kichwa cha kusomea, kisha punguza kinachozidi pembeni. Usilowanishe kitu na usishike utepe kwa vidole vyenye mafuta. Kama mkono wako hautulii, mafundi redio wa zamani wapo Kariakoo mpaka leo, wamekaa na visu vyao wanasubiri kazi za aina hii. Itaimba. Pale penye kiungo wimbo utaruka kidogo, silabi moja au mbili zitakuwa zimepotea. Mpe mjomba akija. Atakuonyesha ni zipi.